Mwendo wa Gramafoni ya Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa fundi redio pale Mbinga, na nisiseme uongo, alikuwa na majivuno. Akifungua mashine ya mtu, lazima kwanza amseme fundi aliyemtangulia. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa redio kaseti za kila rangi, mafundi wenzake waliacha kabisa kushika mitambo ya zamani. Yeye ndiyo kwanza akaing'ang'ania. Nilimpenda kwa ubishi huo, ingawa meza yetu ya chakula haikukaukiwa nyaya na skrubu.

Siku moja ikaja habari kutoka Liuli, kijijini kwao kando ya ziwa, kwamba gramafoni ya mama yake, ile ya sanduku inayotumia betri, imegoma kuzunguka. Jumamosi ilikuwa harusi ya mjukuu wake wa kwanza. Mama mkwe alikwisha kuahidi kufungua dansi kwa santuri aliyokuwa akicheza na marehemu mumewe tangu ujana wao. Shemeji alijitolea kuleta redio kaseti mpya yenye spika mbili. Mama akamjibu kwamba santuri ile isipoimba, yeye atakaa jikoni na wapishi.

Tukashuka ziwani na lori la mizigo. Mume wangu hakunywa hata maji, alifungua sanduku akaanza kuguna. Baba mkwe, enzi za uhai wake, alikuwa akiitunza gramafoni darini juu ya jiko, mahali wanapokaushia usipa, dagaa wa ziwani, ili moshi ufukuze mchwa. Mchwa kweli hawakuigusa. Lakini moshi na mafuta ya samaki vilikuwa vimepenya kila mahali. Mota ilikuwa imeganda, na kigurudumu cha mpira kinachosukuma sahani ya kuwekea santuri kilikuwa kinateleza kama sabuni.

Nilikaa pembeni nikachambua mchele, macho yangu yakiwa kwake. Mikono ile isiyojua kukunja shati ilifuta mota kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ikaunga waya kwa chuma kilichopashwa moto kwenye mkaa, ikakata tyubu ya baiskeli na kukivisha kigurudumu mpira mpya. Sikuwa nimeona mtu mwenye subira namna ile, na nyumbani subira hana.

Alasiri sahani ikazunguka. Wimbo ukatoka mwepesi, mbiombio, na mwimbaji ambaye kijiji kizima kilimjua kwa sauti nzito ya mzee, kumbe alikuwa kijana! Tukacheka. Mume wangu akatueleza, kifua mbele, kwamba miaka yote hiyo gramafoni ilikuwa ikijikokota kwa sababu ya mafuta, na kwamba huu ndio mwendo halali wa wimbo.

Mama mkwe akajaribu hatua mbili tatu, miguu ikagongana. Akakaa kwenye kigoda.

"Umetengeneza vizuri, mwanangu," alisema. "Ila huyu mwimbaji simjui. Na baba yako hakucheza hivi."

Nilijiandaa kusikia mhadhara. Mume wangu akaitazama kazi yake, kisha akaenda jikoni. Alirudi na kidole kinachong'aa mafuta ya usipa, akakigusisha kwenye mpira wake mpya. Akasikiliza. Akafuta kidogo, akapaka tena, akasikiliza, kwa uangalifu uleule aliotumia kuutengeneza. Nimemwona akifufua mashine ambazo wenzake walizikatia tamaa, lakini siku ile, alipokuwa anaiharibu kazi yake mwenyewe mpaka iwe sawa, ndipo nilipojua nimeolewa na fundi.

Polepole sauti ikazama, ikawa ya yule mzee wao.

Mama mkwe akasimama. Mkono mmoja akauinua hadi kimo cha bega la mwanamume mrefu, mwingine akaunyoosha pembeni, vidole vikiwa vimekunjwa kama vimeshikwa. Akaanza kuzunguka uani, macho kafumba, bila kukosea hatua. Mume wangu akainuka ili akamshike mkono. Nikamvuta shati akae. Mama alikuwa anacheza na mumewe.