Shuka la Babu Eliakimu

Leo kanisani nimemtia aibu mzee wa watu, na kipaza sauti nilikuwa nimekishika mimi mwenyewe.

Ilikuwa ibada ya shukrani, hapa Tengeru. Mimi ndiye niliyependekeza tumshukuru Mungu kwa ajili ya Babu Eliakimu, aliyepigana vita vya Kagera. Nikanunua na shuka jekundu la kumvisha, kama tunavyowavisha wageni wa heshima.

Nikamwita. Hakusimama.

Nikamwita tena, watu wakapiga makofi. Babu anaangalia sakafu tu.

Mchungaji akanipa ishara niache. Mimi na kiherehere changu nikamfuata hadi kwenye benchi, nikamvisha.



Babu akalivua lile shuka. Akatembea taratibu na fimbo yake hadi benchi la mwisho, kwa Bibi Ndeshi, yule anayeleta mayai ya sadaka kila Jumapili, nasi tunayanunua mnadani baada ya ibada. Akamvisha yeye.

"Mume wake tulikwenda naye," akasema. "Mimi nilirudi."

Bibi akanigeukia. Hakulia.

"Mjukuu wangu, basi mtaje na yeye hapo kwenye spika."

Nikainua kipaza sauti. 

Mayai yake nimekula miaka yote. Jina la mumewe sikulijua. Ikabidi nimuulize, kipaza sauti kikiwa wazi, kanisa lote linasikia.

Anaitwa Naftali.

Andikeni hapo chini jina la wa kwenu ambaye hakurudi, kabla hamjaulizwa mbele za watu.