Tanzia ya Mama Yake Merle

Merle Zeunert ndiye aliyekuwa akiandika tanzia katika gazeti letu, na mji huu wa wakulima wa ngano husoma tanzia kwanza, bei ya ngano baadaye. Meza yangu ilikuwa jirani na yake. Nampenda, lakini alikuwa mgumu mno kuhusu yale maneno ya Kiingereza ambayo kila mfiwa huyataka: "alifariki kwa amani, akizungukwa na jamaa zake." Kama hukuwepo mtu wako akikata roho, hupewi maneno hayo.

Mwaka juzi alikuja Kev Drury. Mkewe alikata roho hospitalini wakati yeye amekwenda kunywesha kondoo.

"Niandikie hayo, Merle. Watoto wayasome."

"Ulikuwepo, Kev?"

"Kondoo walikuwa na kiu, jamani!"

"Basi tuandike 'alifariki hospitalini'."

Kev akavaa kofia yake, akatoka.

"Una roho ya korosho wewe!" nilimwambia Merle. "Ungepungukiwa nini?"

"Maneno yana wenyewe," akanijibu.

Mwezi uliopita mama yake, Bi Dulcie, alizidiwa kwenye nyumba ya wazee. Merle hakubanduka kitandani pake, mpaka mama alipotamani keki ya kastadi. Akakimbia kuinunua. Lakini kwetu hununui hata mkate bila kuulizwa hali ya mgonjwa, na Merle, kwa adabu, alimjibu kila mtu dukani. Aliporudi na keki, mama alikuwa ameshakufa, peke yake.

Dada yake Noelene akapiga simu kutoka Perth, jiji lililo mbali nasi. "Andika kama wanavyoandika wote! Unataka watu waseme tulimtupa mama?"

Merle aliikodolea macho kompyuta mpaka chai yake ikapoa. Kisha akayaandika yale maneno. Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, kwa ajili ya Kev.

Baada ya mazishi tulikuwa ukumbini tukila sandwichi za mayai, Kev akaja moja kwa moja kwetu. Nikasema moyoni, leo Merle atasutwa. Kev akavua kofia, akampa mkono.

"Nimesoma gazetini. Pole sana, Merle. Afadhali wewe ulikuwepo."

Merle akafungua mdomo, lakini Noelene, aliyekuja kwa mazishi, akamwahi.

"Tulikuwepo sote," alisema.

Kev akaitikia kwa kichwa, akaenda kujimiminia chai. Mkono wa Merle ulibaki umenyooka vilevile.