Nusu ya Pili ya Salamu za Bibi

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa popo. Hawa popo wakubwa wa hapa Chole unawajua: mchana kutwa wananing'inia mtini na kugombana, hawaondoki mpaka jua lizame. Siku ile waliondoka saa nne za asubuhi, wote kwa pamoja, wakavuka bahari kuelekea Utende. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ilikuwa enzi ya Mdachi, bendera yake ikipepea penye boma, na mimi nimekaa ukumbini na kidaftari changu, naandika.

Nikueleze kwanza nilivyokuwa, maana kosa lilianzia hapo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Nilipohitimu Kurani hakuniachisha, aliniendeleza nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, na hati, na wasichana wengi wa hapa hawakulipata hilo. Basi kila kilichonishinda kusema nilikiandika katika kidaftari kile kwa herufi za Kiarabu, na vilivyonishinda kusema vilikuwa vingi. Nikikutana na watu wazima watatu njiani, shikamoo inanikwama kooni. Nilikuwa na haya hata ya kuomba chumvi kwa jirani.

Bibi yangu, mama yake baba, alipowaona popo wale aliacha kusuka ukili wake wa mkeka. Akaitazama bahari kwa muda mrefu. Ilikuwa imetulia kama uji uliopoa. Miguu yake ilikuwa imevimba mwezi ule, baba yuko Kirongwe mazikoni, na mama ana mtoto mchanga. Wa kutumwa ni mimi tu.

"Chukua kalamu," akaniambia. "Andika. Nakujua wewe, utafika ukameza maneno."

Bibi alikulia Unguja, na alipokuwa mwari aliiona tufani iliyolaza mikarafuu chini kama majani ya kuezekea paa. Niliandika alivyosema: *Upepo utaanza kusini. Jifungieni. Kisha utanyamaza ghafla, na jua litatoka. Hapo msitoke, hiyo ni nusu. Utarudi kutoka kaskazini, na bahari itakuja nao.*

Nikaenda kwa Fundi Makame, mwunda ngalawa, jirani yetu. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, na tufani ikija wote wa upande ule wangekimbilia kwake. Nilimkuta uani anachonga ubao kwa tezo, na wanaume wanne wamemzunguka.

"Binti Mwalimu huyo!" akasema. "Leo tunasomewa khutba?"

"Shikamooni."

"Marahaba. Lakini sema kwa sauti, mama. Au tumwite popo mmoja aje atutafsirie?"

"Popo wamehama," mwingine akadakia. "Wamechoka kumsubiri aseme."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, mwanangu, leo najua. Lakini mimi masikio yaliwaka moto. Kidaftari kilikuwa kwapani, nikashindwa hata kukifungua. Nikasema haraka haraka, macho yangu kwenye vumbi la mbao: "Bibi anasema upepo mkubwa unakuja. Kaeni ndani mpaka utulie." Nikageuka nikaenda zangu, karibu kukimbia.

*Mpaka utulie.* Hayo hayakuwa maneno ya Bibi. Niliyatunga mwenyewe, yakawa kinyume cha alichonituma.

"Umewaambia yote?" Bibi akaniuliza.

"Nimewaambia."

Upepo ulianza adhuhuri, kutoka kusini kama alivyosema. Sina maneno ya kukueleza sauti yake. Minazi ilikatika kwa mlio mkavu, mmoja baada ya mwingine, na makuti ya paa letu yakawa yanachomolewa vifungu vifungu. Tulijibanza chini ya kitanda cha Bibi, sisi wanne, mama anasoma alichokumbuka na mtoto analia bila sauti yake kusikika. Nikwambie ukweli wangu: sikuwa naogopa paa. Nilikuwa nahesabu. Kila upepo ulipovuma nilijiambia, bado, bado haujanyamaza, bado nina nafasi ya kumwambia Bibi. Sikio lake lilikuwa kiganja kimoja tu kutoka mdomoni mwangu.

Kisha ukakatika. Hivi hivi, kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Masikio yakaniuma kwa kimya. Mwanga wa jua ukaingia palipokuwa na paa, na mara nikasikia sauti ya Fundi Makame nje, ya furaha.

"Alhamdulillahi! Umetulia! Kumbe Binti Mwalimu kasema kweli! Tokeni, tokeni, nakwenda kuitazama ngalawa yangu!"

Nikasikia milango. Nikasikia watoto wanashangilia nazi zilizoanguka. Wote wale walitoka kwa sababu waliniamini.

"Bibi," nikasema, "sikuwaambia nusu ya pili."

Nilingoja kofi. Bibi alinitazama kama vile tuna siku nzima ya kutazamana, na hatukuwa nayo.

"Basi nenda ukaimalizie," akasema.

Nikatoka. Juu kulikuwa na tundu la anga ya samawati, na kuzunguka tundu lile mawingu yamesimama kama ukuta. Ndege wa pwani walikuwa wametapakaa chini, wamechoka, hata ukiwapita karibu hawaruki. Uani kwa Fundi walikuwapo watu kama ishirini. Nikafungua kinywa, na haya zangu zilikuwa zingali pale pale, usidhani ziliondoka. Nilipiga kelele nazo.

"Rudini ndani! Ni nusu! Bibi kasema ni nusu, unarudi kutoka kaskazini!"

Wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kunielewa. Walibeba watoto bila kuuliza. Lakini Fundi hakuwapo. Nikashuka pwani ya kaskazini mbio, nalia na kupaza sauti. Upepo wa kwanza haukuigusa pwani ile, ngalawa yake ilikuwa nzima mchangani, naye amepiga magoti anakagua tengo lake la ubavuni kwa kiganja, anatabasamu.

"Fundi! Ni nusu!"

"Nusu ya nini, mama?"

Hakuwahi kujibiwa. Upepo ulikuja kutoka usoni kwetu na maji nyuma yake. Ngalawa ilinyanyuka kama ganda la ndizi, ikapinduka, ikamshukia mkono wa kulia. Sijui nilimtoaje. Najua nilivuta, maji yakiwa magotini kisha kiunoni, na wanaume wawili waliokuwa wamenifuata wakatukamata na kutuburura mpaka nyuma ya ukuta wa mawe. Hapo tulikaa, mimi nimeukumbatia mguu wa Fundi, mpaka nusu ya pili ilipokwisha.

Mkono ule haukushika tezo tena.

Bibi alinikaripia baada ya siku tatu, mara moja tu. "Wewe hukuuogopa upepo. Uliogopa kuchekwa na watu wanne. Ukiwa na hofu mbili, uliza ipi inaua."

Naye Fundi Makame hakunikaripia kabisa, akafanya jambo gumu zaidi. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja akakaa barazani petu, mkono umelala pajani, akasema, "Binti Mwalimu, nipe salamu za Bibi." Nami nisimame niseme zote, kwa sauti, mbele ya wapitao. Nikipunguza neno ananikatiza: "Umeliruka jua. Anza upya." Wiki za mwanzo nililia. Baadaye tukawa tunacheka. Alifanya hivyo mpaka nilipoolewa, na siku ya harusi yangu alizidai pia, mwari mimi, nimejifunika.

Mwanangu, tangu asubuhi unazunguka na habari hii ya tufani uliyoisikia kwenye redio. Kuogopa si aibu. Nami naogopa, na nimeziona mbili. Lakini hofu yako usiifiche wala usiipunguze ili ionekane ndogo. Mwambie aliye karibu nawe, mapema, angali anaweza kukusikia. Ukitumwa neno, lifikishe lote, hata wakikucheka. Akicheka mtu, mngoje amalize, kisha endelea ulipoachia. Ukikosea, rudi ukaseme umekosea kabla jua la katikati halijatoka. Na kukinyamaza ghafla, kaa ulipo, uwashike na wenzako.

Kidaftari hiki hapa, ukurasa huu. Wino umefifia lakini unasomeka. Nenda nacho kwa jirani, kisha nyumba inayofuata, mpaka ya mwisho. Nitakaa hapa barazani nikusikilize, na nisipokusikia nitakurudisha uanze upya.

Mungu akupe kinywa kizito kwa upuuzi na chepesi kwa la kuokoa. Akufikishe, akurudishe kabla ya upepo, na kila utakayemwita leo akuitikie. Haya, sema nisikie. Anza na kusini.