Nundu ya Ngamia na Divai ya Cahors

Mimi ni Mwislamu wa Garissa, mtoto wa wafugaji, na kwa miaka minne nilimpikia daktari mmoja Mfaransa huko Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa divai ambayo sijapata kuionja. Msinicheke. Kazi ni kazi, na siku zile nilijiambia kwamba mikono ikioshwa yamekwisha.

Divai yenyewe ilitoka kwao, Cahors, kusini-magharibi mwa Ufaransa, nyekundu iliyokaribia weusi. Daktari aliniambia kwao huinywa pamoja na bata aliyepikwa kwa mafuta yake, kondoo wa kuchoma, uyoga, maharagwe mazito. Samaki hapana. "Divai hii inataka mafuta," alisema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Bila mafuta inakwaruza ulimi."

Basi mimi, mpishi nisiyeonja, nikampa mafuta wasiyo nayo huko kwao: nundu ya ngamia. Niliichemsha polepole kwa kitunguu, nyanya ya kopo, iliki na bilauri mbili za divai. Alikula akiwa amefumba macho. Nilivimba kichwa, sikatai.

Mwaka wa nne, mama yangu aliugua Garissa. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akimuuguza, alinipigia simu: mama hajala chochote kwa siku tatu, ila ametaja nundu. Kwetu nundu ni fungu la mgeni na la mzazi. Nikanunua moja, nikaigawa katika sufuria mbili zinazofanana: ya daktari yenye divai, na ya mama isiyo na kitu. Juu ya kifuniko cha sufuria ya mama niliweka ganda la kitunguu liwe alama, nikaenda kuswali adhuhuri.

Niliporudi, upepo ulikuwa umepita. Ganda lilikuwa chini, mchangani.

Dereva wa gari la Garissa alikuwa ananiita langoni. "Haya, abti, mjomba wangu, leta chakula! Gari haibaki!" Daktari, ambaye angeweza kunionjea, alikuwa kwenye chumba cha upasuaji. Nikafunua sufuria zote mbili, nikanusa. Iliki na moshi, basi. Rangi ya nyanya ilikuwa moja. Tone moja ulimini lingeniambia kila kitu, na sikuonja. Nilichagua kwa macho, nikampa dereva. Nililinda ulimi wangu, nikauweka rehani wa mama.

Jioni daktari alikula, akashukuru kama kawaida. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Mama alikula sahani nzima. Alinipigia mwenyewe, sauti nyembamba: "Mwanangu, hukuwahi kupika nyama hivi." Siku ya tano akafariki.

Nilimuuliza sheikh mmoja, nikisingizia jirani. Akasema aliyekula bila kujua hana dhambi. Nilifurahi mpaka nikafika nyumbani, maana hakusema lolote juu ya aliyepika. Tangu hapo nikifunua sufuria yoyote hunusa kwanza, hata ya chai. Mke wangu hudhani ni mazoea ya mpishi. Daktari alikwisha kurudi kwao, nami niliacha kazi ile. Nilijishikiza kwenye neno moja: labda. Labda nilichagua vyema.

Mwaka huu tulimsomea mama dua. Dada yangu akataka nipike nundu ile, ileile aliyoionja kwenye sahani ya mama. Nikapika ya halali tupu, kwa kitunguu kilekile, nyanya ileile, iliki ileile. Wageni wakasifu. Dada alitafuna tonge moja, akalirudisha la pili kwenye sinia.

"Walaal, ndugu yangu, hii si ile," akasema. "Ile ilikuwa na utamu ingine, kama matunda hivi. Mama alilamba vidole. Uliweka nini?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema ni ngamia yule, malisho yake yalikuwa tofauti. Akaitika, akaniombea Mungu anizidishie kwa nilivyomlisha mama yetu, na wageni wote wakasema amina.