Debe la Kwanza kwa Baba Mkubwa

Nasema mapema: mpaka leo sijui lile shamba ni la nani. Watu wakiniuliza nawajibu kwa hasira, maana hasira ninayo, jibu sina.

Ni ekari mbili za ukoo, upande wa Msalato. Baba alinitembeza mpakani, mnyaa hadi mnyaa, akasema, "Lima hapa." Nikalima miaka kumi na saba. Alipofariki nikamjengea mama chumba palepale. Na kila nikivuna, debe la kwanza la uwele lilikwenda kwa baba mkubwa, kaka yake baba. Napiga goti, "Shikamoo baba," natua mzigo. Ndivyo baba alivyonifunza: mkubwa wa ukoo aonje kwanza.

Basi ukaja uwanja wa ndege, viwanja vikapanda bei, na baba mkubwa naye akakumbuka kwamba mimi ni mwanamke. Akanipeleka baraza la kata.

Akaniuliza kwa upole kabisa, mbele za watu: "Mwanangu, uwele ulikuwa unaniletea, hukuwa unaniletea?"

"Nilikuwa nakuletea, baba."

"Haya. Mwenye shamba hampelekei mtu debe. Anayepeleka ni aliyeazimwa."

Lo! Heshima yangu ya miaka yote hiyo, ndiyo anayonifungia kamba. Mzee mmoja wa baraza akasema kwao hata aliyepewa hupeleka. Mwenzake akasema thubutu, aliyepewa hagawani na mtu. Wakabishana wao kwa wao, nami nikawa nakubaliana na kila anayesema. Kweli, nilikuwa napeleka kwa nini? Ilikuwa shukrani, au baba alijua jambo akaninyima? Nilitamani nimfufue nimgombeze.

Mama akanyoosha mkono. Maskini, alitaka kuniokoa.

"Hakuazimwa. Nilikuwepo. Mume wangu alisema, 'Nimempa binti yangu, ni lake mpaka atakapoolewa. Akiolewa atakula kwa mumewe, shamba lirudi kwenye ukoo.'"

Nikamgeukia. Maneno hayo sikuwahi kuyasikia, wala yeye hakuwahi kuniambia. Sasa nimepewa au sijapewa? Zawadi gani hiyo yenye kamba mguuni? Mwenyekiti hakuwa na muda wa maswali yangu. Akaandika: abaki na shamba hadi atakapoolewa.

Baba mkubwa akanitazama juu mpaka chini. Nina miaka arobaini na tatu, sijaolewa.

"Basi limekwisha," akasema. "Huyu atalima mpaka kaburini."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, sijui kwa nini. Mama alinishika mkono njia nzima, "Tumeshinda, mwanangu, tumeshinda," na kila tuliyekutana naye akamweleza.

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba kuna fundi wa kuchomelea huko Kizota, aliyefiwa na mkewe, na kwamba wazee wake walikuwa waje kuniposa Jumamosi ile. Tulipofika nyumbani nikazunguka nyuma ya chumba, nikampigia.

"Waambie wasije kwanza."

"Mpaka lini?"

Nilimsikia mama ndani anaimba huku anapanga vyombo. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.