Kinda Aliyeitikia Marahaba

Mke wangu alimpa shikamoo mchezaji wa miaka kumi na minane.

Mchezaji akaitikia, "Marahaba," akaendelea kula.

Kama hujashtuka, rudia kusoma. Hata mimi nilichelewa. Tonge lilikuwa njiani kwenda mdomoni, likafika, nikalitafuna, ndipo kichwa kikaniuliza: huyu mama watoto amemwamkia nani?

Acheni niwapeleke nyuma kidogo, maana habari hii imenikaa kooni na haishuki.

Mimi ni fundi wa mafriji. Siku za kazi nashinda kibandani kwangu nimeinamia mashine zilizogoma. Jumamosi nafunga mapema, naoga, navaa jezi, naenda uwanjani.

Uwanjani wananiita Kipaza. Sina cheo chochote kwenye timu, ila nikisimama jukwaa letu linasimama, na nikianzisha wimbo unaimbwa mpaka niuzime mwenyewe.

Halafu nina misimamo.

Timu isiyolea vijana inajichimbia kaburi, huo wa kwanza. Na kijana hakomai mazoezini. Anakomaa dakika ishirini za mwisho, mechi imekaza, miguu mizito, jukwaa linapiga kelele. Mtoe dakika hizo kila wiki, na utakuwa umemfundisha kwamba yeye ni wa kuanzisha shughuli tu, kumaliza waje wengine.

Friji nalo ni hivyo hivyo. Huwezi kulipima kwa dakika tano za kwanza. Unaliacha liungurume mpaka jioni, ndipo unajua kama limepona.

Hotuba hiyo nimeitoa kibandani, kwa kinyozi, hadi msibani. Mke wangu anaijua kwa moyo, nikianza tu yeye ananimalizia.

Sasa, timu yetu ilikuwa na winga mmoja tuliyempenda kupita kiasi. Tulimwita Kinda. Kidevu laini, mwembamba, mbio zake beki anabaki anashika upepo. Kwenye usajili aliandikwa miaka kumi na minane. Tukikutana nje ya uwanja alikuwa ananiita baba, na moyo wangu ulikuwa unavimba kwa raha.

Lakini kila mechi, ikifika dakika ya sabini, kocha wetu alikuwa anamtoa. Kocha tunamwita Mwalimu. Mtu mkimya, hasemi na jukwaa wala hajibu matusi.

Na unajua alikuwa anamwingiza nani? Babu.

Babu alikuwa na ndevu zimejaa shavu hadi shavu. Upara umeshaanza kupanda kutoka kwenye paji la uso. Mwendo wenyewe wa taratibu, kama mtu anayekwenda kudai haki yake na ameshakata tamaa. Hakuna aliyewahi kuuliza umri wake, macho yalitutosha.

Nikamtungia wimbo. "Babu, rudi nyumbani, wajukuu wanalia." Ulikuwa mtamu, uwanja mzima uliujua.

Akiingia tu tunauanzisha. Mpira wa kwanza unapita chini ya mguu wake, jukwaa linacheka. Mpira wa pili anauogopa, anajificha nyuma ya beki. Tunaruhusu bao, tunapoteza pointi, na mimi nawageukia wenzangu nawauliza kama si nilisema.

Kilichokuwa kinaniudhi zaidi ni baada ya mechi. Nikiwa nimesimama getini, Babu alikuwa akifika mbele yangu anasimama, anainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Mtu mwenye upara ananiamkia mimi mwenye nywele zangu zote. Nikaona ananikejeli kwa ule wimbo. Nikawa natazama pembeni. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamwambia akawaamkie wajukuu zake. Akabeba begi lake akaenda.

Tukafika mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda tunabaki, tusiposhinda tunashuka daraja.

Siku chache kabla, mwenyekiti wa timu akaja kibandani. Akaniambia Mwalimu ameshaonywa: akimtoa Kinda tena, na yeye ajihesabu ametoka. Akataka jukwaa langu limkumbushe kwa sauti. Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Nikaona pia nimtie moyo kijana wetu. Nikamkaribisha Kinda nyumbani, chakula cha mchana.

Ndipo mke wangu akatoka jikoni na jagi la maji, akamwona, akapiga goti kidogo, shikamoo ikamtoka. Na yeye, bila kufikiri, akaitikia.

Halafu mkono wa Kinda ukasimama juu ya sahani.

Nikamfuata mke wangu jikoni. Nikamuuliza anamjuaje yule mtoto.

"Mtoto yupi? Yule alikuwa kiranja wetu. Mimi darasa la pili, yeye la saba. Asubuhi alikuwa anatukagua kucha."

"Labda ni kaka yake unayemsema."

"Kaka yake ndiye ameitikia marahaba?"

Mke wangu hajafika thelathini, ila haiko mbali. Nikaanza kuhesabu, nikaacha, maana kila nilipohesabu kijana wetu alizidi kuzeeka.

Niliporudi sebuleni, Kinda alikuwa amenawa. Chakula kimebaki nusu.

"Kaka," akasema. Si baba tena. "Kaka, nakuomba unisitiri."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Ana mke na watoto wawili. Miaka yote ya ujana wake alicheza mchangani, hakuna aliyemwona. Siku alipoonekana, akaambiwa umri umempita, labda ukipunguzwa. Watu wa uongozi wakaupunguza. Akasema wachezaji wengi wana umri wa mpira na umri wa mama zao, yeye hakuanzisha. Alichoanzisha yeye ni kunyoa kidevu kila asubuhi.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilikuwa nampenda yule mtu. Nilimpenda kama mtoto wangu, na kumbe tumepishana miaka mitatu.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu.

Kumbe asubuhi Mwalimu anauza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilimkuta anakoroga ndoo ya rangi ya kijivu. Nikamuuliza moja kwa moja kama anajua umri wa Kinda.

Akaendelea kukoroga. Akasema alijua wiki ya kwanza, alipomwona anavyopumua. Lakini akilisema hadharani, timu inanyang'anywa pointi zote na kufungiwa, na wale wachezaji wengine ambao hawana kosa wanakosa pa kwenda. Basi akanyamaza, akafanya kazi na alichonacho. Mapafu ya Kinda yanafika dakika ya sabini. Akimwacha zaidi ya hapo, siku moja atamwokota chini.

"Sawa," nikasema. "Lakini ndiyo umwingize Babu? Unatoa mzee unaingiza mzee?"

Hapo akaweka mti wa kukorogea chini, akanitazama.

"Yule ana miaka kumi na minane."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Baba yake nilicheza naye. Upara ulimwanza yuko shule. Ukoo mzima ndivyo walivyo. Siku huyu anazaliwa, mimi ndiye niliyekwenda kuwachukulia usafiri."

Akachukua mti wake, akarudi kukoroga. Akasema yeye na mimi tunaamini kitu kimoja, kwamba kijana anakomaa kwenye dakika ngumu za mwisho. Amenisikia nikilisema mara nyingi kuliko ninavyodhani. Ndiyo maana kila wiki anampa yule kijana dakika hizo.

"Kipaji chake sikumpa mimi, kazaliwa nacho," akasema. "Mimi namtafutia dakika tu. Halafu kila nikimpa, wewe unamwimbia."

Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniambia. Akaniuliza kama ningemwamini.

Kisha akanieleza jambo ambalo ndilo lililonivunja. Kijana alishamwomba asimwingize tena kwenye mechi za nyumbani. Na baada ya Jumamosi anaacha mpira. Mjomba wake amemtafutia kazi kwenye duka la mikate.

Nilitembea kurudi kibandani na nilipitiliza kibanda changu mwenyewe.

Kwa hiyo ile shikamoo ilikuwa shikamoo kweli. Mtoto alikuwa anamwamkia mtu mzima, kama alivyofundishwa kwao. Msimu mzima mtu mzima hakuitikia.

Jumamosi ikafika. Nilipofika jukwaani nikamnong'oneza jirani yangu, muuza nyama, kwamba Babu ana miaka kumi na minane. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema hata yeye ana kumi na miwili, kesho anaanza sekondari. Nikaona hapa ukweli hauna mteja.

Tulifunga mapema, Kinda ndiye aliyepiga krosi. Wakasawazisha. Dakika ya sabini Kinda ameshika magoti, mdomo wazi, na wenzangu wanasema tazama mtoto anavyojituma.

Mwalimu akasimama. Akamtazama mwenyekiti aliyekaa kwenye viti vya kivuli. Akatutazama sisi. Kisha akamwita Babu avue jaketi.

Jukwaa lote likanigeukia. Walikuwa wanasubiri wimbo.

Ningenyamaza wangeuanzisha wenyewe. Ningesema ukweli wangenicheka kama muuza nyama. Nikainua kipaza sauti changu, nikasema neno moja tu nililokuwa nalo.

"Mtoto!"

Kisha jukwaa likalipuka kwa kicheko. Waliona ni utani wa mwaka. Nikarudia, wakadaka. "Mtoto! Mtoto! Mtoto!" Watu wanapiga mapaja, wanaelekeza vidole kwenye upara, wanaimba kwa nguvu zao zote.

Babu alikuwa amesimama kwenye mstari wa chaki, anasubiri Kinda atoke. Akainua kichwa.

Sijui alisikia nini. Lakini mpira wa kwanza ulipomjia, aliutuliza mguuni ukakaa.

Beki akamfuata, Babu akampita. Akamfuata mwingine, huyo naye akapitwa. Akapiga krosi, mshambuliaji wetu akaruka, kichwa, mpira ukagonga mtambaa panya wa goli ukatoka. Jukwaa likashika vichwa. Alipoupata tena hakujificha, akauomba kwa mkono. Dakika za nyongeza watu walikuwa bado wanaimba mtoto, na hawakuwa wanacheka tena. Nafikiri wengine walisahau ulianza kama mzaha.

Ningependa kuwaambia alifunga. Hakufunga. Kipenga kikalia, bao moja kwa moja, tumeshuka daraja.

Wakati tunatoka nikawasikia watu wakisema angebaki Kinda tungeshinda. Jua halijazama Mwalimu alikuwa ameshafukuzwa.

Nilisimama getini. Wachezaji wakapita wameinamisha vichwa. Babu alikuja wa mwisho. Alifika karibu yangu, akapunguza mwendo, nikaona anasita. Nadhani alikuwa anapima kama inafaa kunipa nafasi nyingine.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Akasimama pale pale. Midomo ikamcheza, akageuza uso upande wa ukuta, na nikaona namna mtoto anavyojizuia kulia. Ndevu zote zile na bado ni mtoto.

Baadaye akaniuliza nani aliwaambia watu umri wake. Nikamwambia hakuna, walidhani wanatania.

"Nilijua wanatania," akasema. "Ila lilikuwa jina langu la kweli, nikaamua nilichukue."

Nikamwomba asiache. Nikamwahidi mimi mwenyewe nitalisimamia jukwaa. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema Mwalimu ameondoka, na kocha mpya naye atakuja na macho kama tuliyonayo sisi. Akaniaga, akaenda.

Wiki hii tumepata habari. Kinda ameitwa kambi ya timu ya taifa ya vijana. Watu wamefurahi, angalau tumelea mmoja. Nimeona tangazo lenyewe limebandikwa kwenye ukuta wa uwanja, na umri wake pembeni ya picha.

Kumi na saba.

Mwaka jana kumi na minane, mwaka huu kumi na saba. Akiendelea hivi tutamnunulia nepi.

Mwenyekiti alinipigia nianzishe wimbo wa kumsindikiza. Nikasema koo linaniuma. Sikumdanganya.

Jana nilipitia duka la mikate. Babu alikuwa nyuma ya kaunta. Unga umemjaa ndevuni, zimekuwa nyeupe, na mama mmoja kwenye foleni akamwita mzee wangu. Hakumrekebisha.

Aliponiona, kabla sijafika kaunta, akatoa shikamoo. Nikaiitikia kwa sauti ya jukwaani, foleni nzima ikageuka.

Nimeuliza Mwalimu amepata timu gani. Nimeambiwa bado yuko kwenye rangi zake, anatafuta. Akipata tu nitajua duka la kumpeleka, kama kijana atakuwa bado ana hamu.

Mimi fundi, sina elimu ya kuwafundisha. Ila hili nimelilipia. Kabla hujamhesabia mtu miaka kwa ndevu zake, sikiliza kwanza anavyokuamkia, na umwitikie.