Miaka Kumi na Miwili Akiita Posho Mshahara

Saa mbili kasoro asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mama Pasi anashika pembe mbili za shuka, analikung'uta mara moja, analilaza mezani na kulipitishia pasi mpaka linanyooka. Ni shuka la kumi na moja, na chai bado hajanywa.

"Mgonjwa akilalia mikunjo anahisi ugonjwa umemzidia," anasema bila kuinua macho.

Kiganja chake cha kushoto kina kovu refu kama kidole. Mwezi wa pili mwaka huu, mashine ya kunyooshea mashuka ilimbana mkono. Daktari akampa wiki sita za kupumzika. Mwisho wa mwezi akasubiri ujumbe wa mshahara kwenye simu, kimya. Akaenda ofisi ya utumishi, mkono ukining'inia shingoni kwa bandeji, akidhani ni matatizo ya mtandao.

Karani aliyemkuta, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alifungua faili, akalifunga, akalifungua tena.

"Mama, wewe huna mshahara."

"Wa mwezi huu?"

"Hujawahi kuwa nao. Humu umeandikwa mfanyakazi wa kujitolea, unapewa posho. Usipokuja kazini hupati kitu."

Mama Pasi anasema aliketi bila kukaribishwa. "Nikamwambia, mwanangu, soma tena, labda umeshika faili la mtu mwingine. Akanigeuzia. Picha yangu, sahihi yangu."

Kwa miaka kumi na miwili ameripoti saa moja, amepangiwa zamu, amekatwa siku alipochelewa. Kila mwisho wa mwezi aliwatangazia watoto kuwa mshahara umeingia, na dukani alikopeshwa kwa neno hilohilo. Posho, kwa alivyojua yeye, ni ile hela ya kula anayopewa dereva akipeleka wagonjwa mbali kwa siku mbili tatu.

Nyumbani, mumewe, fundi viatu, alijaribu kumtuliza. "Mama watoto, hela ni hela. Iite jina lolote, sokoni wanaipokea."

Siku ya tatu, wakiwa mezani, ni mume huyohuyo aliyeshusha kijiko na kuuliza, "Sasa na kiinua mgongo?"

Hakuna aliyemaliza chakula. Wa posho hana kiinua mgongo.

Mkono ulipopona, aliwaomba wenzake walete barua zao za kazi. Kati ya wafuaji kumi na wanne, tisa walikuwa wa posho. Mmoja wao amebakiza mwaka mmoja kufikisha sitini. "Alicheka, akadhani namtania. Halafu akaketi juu ya kapu la nguo chafu, akalia kama mtoto."

Wote tisa wakaongozana hadi kwa afisa wa kazi. Afisa aliwauliza nani anawapangia zamu, nani anawapa ruhusa, na ni nini kinawapata wasipokuja. Kisha akaweka kalamu chini.

"Anayejitolea hakatwi siku," aliwaambia. "Hii ni ajira, na malipo yake ni mshahara, hata wakiyaandika sadaka."

Hospitali ikaitwa. Mkuu wa utumishi hakubisha. Alisema neno posho lilichaguliwa kwa kuwa liliwapunguzia gharama.

Hapo Mama Pasi anasimamisha pasi. "Nilijiandaa kusikia kwamba walikosea. Ningesamehe. Kumbe walijua, na kila asubuhi tulikuwa tunasalimiana."

Tangu mwezi wa sita wote tisa wana mikataba. Mshahara wake ni laki tatu zilezile, pungufu kidogo kwa makato ya pensheni. Wapo wenzake wanaoyanung'unikia makato hayo. Yeye anasema ndiyo mara ya kwanza kukatwa hela akatabasamu. Pensheni ya miaka ya nyuma bado inabishaniwa, na mwezi ujao wanarudi kwa afisa kuidai.

Amebakiza miaka saba kazini, na anapanga kuimaliza hapohapo, kwenye meza hiyohiyo.

"Siku hiyo nataka niitwe mstaafu, nipewe na barua," anasema, akivuta shuka jingine. "Mtu wa posho hastaafu. Siku moja anaacha tu kuja."